Naomba ushauri: ndoa Tukuyu, sherehe Mbeya mjini, watoa huduma hawaelewani

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu wa kiume. Ndoa inafungwa Tukuyu, kwa kina bibi harusi, Jumamosi ya Julai saa 5 asubuhi. Ukumbi uko Mbeya mjini, wageni 250, maharusi waingie saa 1 jioni.

Barabara ile mnaijua: kama kilomita 70, kona na milima, malori ya mpakani Kasumulu, ukungu ukishuka mnatembea taratibu. Mpiga picha anataka msafara upitie Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mwamba juu ya Mto Kiwira. Mpishi anasisitiza chakula kitoke saa 2 usiku, kwa baridi ya Julai wali na nyama vinapoa upesi hata vikiwa kwenye hotipoti, na hapo namuunga mkono. MC naye anataka zawadi kwanza, watu wasiondoke wakishashiba. Hapo chakula ni saa 4, na kuna wazee na watoto!

Nimewakutanisha mara mbili, kila mmoja kashikilia lake. Wote wameshapokea nusu ya malipo, na mikataba haisemi lolote kuhusu ratiba. Mpambaji tu ndiye hana shida.

Naomba waliosimamia harusi huku kwetu wanisaidie:

Chakula kikitangulia, mlifanyaje wageni wabaki hadi zawadi?

Na siku yenyewe, nani awe na neno la mwisho, MC au mtu wa kamati? Nawezaje kuliandika hilo sasa, wakati pesa imeshatoka?