Miguu inakufa baada ya kusukuma sledi

Wadau, zimebaki wiki 9 kabla ya HYROX yangu ya kwanza (yale mashindano ya kukimbia kilomita 1 mara nane, kila moja ikifuatwa na zoezi la nguvu). Kilomita 8 mfululizo nakimbia bila shida. Jana nimesukuma sledi (ile fremu ya chuma isiyo na magurudumu, inayopakiwa uzito) mita 50, nikaunganisha na mbio: miguu kama ya kuazima! Niongeze vyuma au mbio?

— Wala. Zoea kukimbia ukiwa umechoka. Mimi nasukuma, kilomita 1, kisha hatua za kupiga goti na mfuko wa mchanga begani, kilomita nyingine. Mita 200 za mwanzo jivute tu, miguu itarudi yenyewe.

— Na kurusha mpira ukutani je? Ni mara 100, tena mwishoni kabisa. Mimi nilikwama kwenye 40, mikono ikagoma.

— Mia?! Mbona hamkusema mapema.