Hoki ya barafu: timu iko mkiani, meneja mkuu aanzie wapi?

SWALI: Ba yaya, huku Lubumbashi tumezoea kandanda: ekipe ikipoteza, tajiri ananunua. NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, kuna kikomo cha mishahara. Meneja mkuu anaijengaje upya timu mbovu?

JIBU: Mdogo wangu, anaanza kwa kuuza. Wakongwe ambao kontra zao zinaisha anawatoa kabla ya dirisha kufungwa, kwa kawaida mwezi wa 3, apewe nafasi za kuchagua chipukizi kwenye drafti, yaani zamu ambazo timu huchagua wachezaji wapya kila mwaka. Anaweza kuendelea kulipa hadi 50% ya mshahara wa anayeondoka, na hapo anachopewa badala ya mchezaji huyo kinaongezeka. Ila kontra za hivyo mwisho ni 3 kwa wakati mmoja, asizitumie ovyo.

JIBU: Kuwa mkiani hakukuhakikishii chaguo la kwanza kwenye drafti, kuna bahati nasibu. Tena timu ya Edmonton walichagua wa kwanza 2010, 2011 na 2012, lakini hawakurudi kwenye mtoano hadi 2017, wakiwa na nyota McDavid waliyemchagua 2015. Washambuliaji tele, ulinzi dhaifu!

JIBU: Ndiyo maana nasisitiza mabeki wakongwe wawili watatu wabaki. Chipukizi wa miaka 18 husaini miaka 3 kwa mshahara mdogo. Pesa inayobaki izibe mapengo ya nyuma. Kipa kijana akomae kwanza ligi ya chini, AHL.