Utando wa kolajeni unageuka uji baada ya miale ya gama

nyuzi_tatu: Wakuu, huu ni utando wa kolajeni ya ngozi ya nguruwe, wa kuzuia fizi isivamie pengo la mfupa. Mafuta na seli vimeondolewa, ukalainishwa kwa asidi ya asetiki, ukagandishwa na kukaushwa. EDC (kemikali ya kuunganisha minyororo ya kolajeni) na NHS (msaidizi wake) zimetiwa kwenye bafa ya fosfeti (kimiminika cha kushikilia pH), pH 7.4, saa 4. Mwisho miale ya gama ya kuua vijidudu, dozi kGy 25. Kabla ya miale unashika uzi wa kushonea. Baada yake, kwenye kolajenazi (kimeng'enya kinachokata kolajeni) ya nyuzijoto 37, haufiki kesho yake. Lengo ni ukae wiki 4 hadi 6. Niongeze EDC?

bafa_safi: Usiongeze. EDC yako inaliwa kabla haijafika kwenye nyuzi za kolajeni: fosfeti inaila, na mabaki ya asidi ya asetiki pia, kwa sababu nayo ina kaboksili, kundi ambalo EDC hushika. Suuza mpaka pH ya maji ya suuza isibadilike, kisha tumia bafa ya MES, isiyo na fosfeti, mM 50, pH 5.5. Kwa kila gramu 1 ya kolajeni kavu weka EDC g 1.15 na NHS g 0.28. Yeyusha na kumimina hapo hapo. EDC majini haisubiri mtu. Baada ya saa 4, EDC ikishamaliza kazi, suuza kwa Na2HPO4 (chumvi ya fosfeti) ya M 0.1 kwa saa 2, halafu maji mara kadhaa.

kilele: Bafa ni kweli, ila amesema kabla ya miale ulikuwa mzima. Gama hukata minyororo ya kolajeni. Kata vipande vitatu kutoka shiti moja: kisichotiwa EDC, kilichotiwa, na kilichotiwa kikapigwa miale. Vipime vikiwa vimelowa kwenye DSC, mashine inayoonyesha kolajeni inaharibika kwa joto gani. Joto la kilele likipanda kwa EDC kisha likashuka kwa miale, mwizi umemjua. Badala ya miale, jaribu gesi ya oksidi ya ethilini kwa joto la chini, na uupe muda wa kutosha wa kupunga hewa.

Tena usiukaze kwa EDC kupita kiasi. Utando mgumu haulali juu ya mfupa. Ukingo wake hutoboa fizi, na ukishafichuka bakteria wa mdomoni huumaliza haraka.

nyuzi_tatu: Je, saa 20 kwenye kolajenazi ni sawa na wiki ngapi mdomoni?

bafa_safi: Hakuna hesabu hiyo. Linganisha na kipande kisicho na EDC, siku ile ile, chupa ile ile ya kimeng'enya. Bafa ya jaribio la kolajenazi iwe Tris yenye CaCl2 (chumvi ya kalsiamu), kwani kolajenazi bila kalsiamu hulala. Tris hiyo isisogee kwenye hatua ya EDC: ni amini, kundi ambalo EDC huliunganisha na kaboksili, itajiunga yenyewe.