Laptop ya 1,300,000 imeshikiliwa na vinati vya saizi ya punje ya uwele! Wenye laptop njooni mtaje zenu

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, nisingizie nini. Asiyetaka kusoma apite, ila siku akifunua laptop yake akasikia "kwaa" atarudi kunitafuta humu humu.

Mimi nachora ramani za nyumba hapa Dodoma. Wateja wangu wengi ni watu wenye viwanja Iyumbu, Nala, Ihumwa na kule Mtumba. Kazi hii haiishii mezani. Mteja anataka umuoneshe sebule itakaa wapi akiwa amesimama kwenye kiwanja chake, kwenye jua la saa saba, mmeweka laptop juu ya matofali ya jirani. Kwa hiyo mashine yangu naifunua na kuifunga kama mara 15 kwa siku. Nalisema mapema kwa sababu najua kuna mjuaji atakuja na "unaitumia vibaya mkuu". Jamani, kwa Kiswahili inaitwa kompyuta mpakato! Imeundwa ipakatwe, ibebwe, ifunuliwe. Kama kufunua ni matumizi mabaya si wangeniambia ninunue ya mezani?

Mwaka jana mwezi wa pili nilinunua mpya, kwenye boksi, nailoni haijachanwa. Kampuni sitaitaja na duka sitalitaja, sina hela ya wakili. Shilingi 1,300,000, risiti ya EFD ninayo, waranti mwaka mmoja. Muuzaji alinipigia debe mpaka nikaona aibu kupunguza bei. "Bosi wangu, hii ni ya kijeshi, hata ukiiangusha." Akanionesha stika kwenye boksi. Hiyo stika nitairudia, msijali.

Mwezi wa saba, hata nusu mwaka haijatimia vizuri, niko Nala na mama mmoja, mumewe yuko kwenye simu ya video anataka kuona choo cha wageni kimekaa upande gani. Nafunua laptop. Kwaa! Kona ya kushoto kava la nyuma ya kioo likaachia na kufunguka mdomo kama kiatu kilichoachia soli. Kwa ndani unaona nyaya. Yule mama akaniuliza, "Mwanangu, imevunjika?" Nikamwambia hapana mama, ndivyo zilivyo hizi za kisasa. Nikakishikilia kioo kwa mkono wa kushoto dakika arobaini nzima, nachora kwa mkono wa kulia.

Jioni nikampelekea fundi wangu mjini. Akatoa fremu ya kioo kwa kadi ya simu iliyokwisha muda, akafungua skrubu zilizoshika kava, akaligeuza juu ya gazeti, akalitikisa. Vikadondoka vitu vitatu. Wakuu, vilikuwa vinati vya shaba, kila kimoja saizi ya punje ya uwele, na kila kimoja kimevaa pete ya plastiki kilikong'olewa nayo. Skrubu kabla hajazifungua zilikuwa zimekaza vizuri kabisa! Hakuna skrubu iliyolegea wala hinji iliyovunjika. Chuma chote ni kizima. Kilichokufa ni plastiki.

Fundi akanielekeza na mimi nawapa kama nilivyoelewa. Hinji, yaani bawaba, ni ya chuma na inafanywa ngumu makusudi ili kioo kisianguke ukikiacha. Ndani yake kuna vipete vya chuma vimebanwa kwenye mhimili, vinasuguana. Ule ugumu lazima uishie mahali. Kwenye mashine iliyoundwa na mtu mwenye huruma, hinji inafungwa kwenye fremu ya chuma, alumini au magneziamu. Kwenye yangu imefungwa kwenye vinati vitatu vilivyozamishwa kwa joto ndani ya plastiki nyembamba kama ya ndoo. Kila ukifunua, chuma kinavuta plastiki. Ukifunua kwa kushika kona moja, kama wengi tunavyofanya, mzigo wote unaenda upande mmoja. Mafuta ya hinji yakikauka na vumbi letu hili la kiangazi likaingia, ugumu unaongezeka. Plastiki inaanza ufa ambao huuoni, na siku ya siku inaachia mbele ya mteja.

Sasa sikilizeni habari ya waranti.

Duka la hapa Dodoma wakasema wao wanauza tu, matengenezo ni Dar. Sawa. Nikapanda SGR, daraja la kawaida 31,000 kwenda na 31,000 kurudi, na sina ubaya na treni, ilifika vizuri. Nikafika kwenye ofisi yao saa nne asubuhi. Kijana wa mapokezi akaishika laptop, hakuifungua, akaitazama kona kwa sekunde kumi hivi kisha akaandika kwenye fomu: uharibifu uliosababishwa na mteja. Nikamuuliza nimeusababishaje, kava halina mkwaruzo, halina alama ya kuanguka, chukua hata tochi umulike. Akasema, "Kaka, plastiki haijivunji yenyewe." Nikamwambia haijajivunja, imevunjwa na hinji yenu! Akatabasamu. Halafu akaongeza, na hapa ndipo damu ilinipanda, "Nyie wa Dodoma mna vumbi sana."

Vumbi! Serikali nzima imehamia kwenye hilo vumbi, wizara ziko Mtumba, chuo kikuu cha UDOM kiko juu ya kilima kinapigwa na upepo mwaka mzima, na nyie mnauza laptop huku kila siku. Kama mashine haiwezi vumbi la Dodoma, andikeni kwenye boksi "isivuke Morogoro".

Bei waliyonipa: kava, hinji na fremu ya kioo, jumla 420,000, na vipuri vinaagizwa, nisubiri wiki sita. Nikabeba laptop yangu nikaondoka. Nilikunywa chai ya 500 stesheni nikiwa nimeikumbatia kama mgonjwa.

Turudi kwenye stika ya kijeshi. Nimeisoma habari yake usiku mzima. MIL-STD-810, ile iliyoandikwa kwenye stika, ni waraka wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, upo tangu 1962, unaeleza namna za kupima kifaa kwenye joto, baridi, mtikisiko, vumbi, unyevu na mengineyo. Ni orodha ya vipimo. Mtengenezaji anachagua mwenyewe apime vipi na aache vipi, na jeshi halimpi mtu cheti chochote. Kwa hiyo kampuni inaweza kupima mambo machache, ikafaulu, ikabandika stika, na haijadanganya. Mimi mnunuzi ndiye niliyejaza yaliyobaki kwa mawazo yangu, nikidhani kuna kanali mahali alikaa juu ya hii laptop.

Ufaransa, tangu Januari 2021, laptop dukani inatakiwa ioneshwe alama kati ya 0 na 10 ya jinsi inavyotengenezeka: inafunguka kirahisi kiasi gani, vipuri vinapatikana kwa muda gani na kwa bei gani, maelekezo ya ufundi yapo au hayapo. Kabla hujatoa hela unajua unanunua kitu cha namna gani. Sisi tunaoneshwa stika na wino wa rangi ya mgambo.

Na kinachouma zaidi kipo nyumbani kwangu. Shemeji yenu anatumia ThinkPad T480 ya 2018, mtumba wa Ulaya, tuliinunua 650,000. Nusu ya bei ya yangu! Ina betri mbili, moja ya ndani na nyingine ya nyuma unaichomoa mashine ikiwa inawaka na kazi haipotei. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) mbili za kuchomeka, siyo zilizochomelewa kwenye bodi. Mtoto ameikalia, imeanguka kutoka kwenye kochi mara mbili, kona imechubuka rangi basi. Hinji zake unazifunua mpaka kioo kinalala chali kama mkeka. Imeuzwa Ulaya, ikatumika ofisini miaka, ikavuka bahari, na bado inamcheka mume wa mwenye nayo.

Simaanishi mtumba ni pepo. Nikisema hivyo nitakuwa muongo kama yule muuzaji. Betri ya mtumba mara nyingi imechoka, unapewa ya saa moja unaambiwa "inakaa". Vioo vingine vimefifia, ukiwa nje juani huoni mstari. Kuna nyingine zimefungwa kwa nenosiri la kampuni iliyokuwa inazimiliki, ukiingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi kabla Windows haijawaka, unakuta mlango umefungwa, na muuzaji hapokei tena simu. Halafu zile za 2015 na 2016 ambazo ni ngumu kama jiwe, Windows 11 haizitambui rasmi, na Windows 10 iliachiwa mkono na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa ArchiCAD, programu ninayochorea ramani, mimi nahitaji mashine yenye nguvu kidogo, ndiyo maana nilienda kwenye mpya. Ndiyo maana inauma.

Sasa naomba wenye laptop mjitokeze. Taja mashine yako, mwaka uliyoinunua, mpya au mtumba, na wapi ilianza kufa. Sitaki "iko poa mkuu". Nataka kujua hinji imefungwa kwenye nini, kibodi inachomoka au imechomelewa na viplastiki vilivyoyeyushwa mpaka ubadilishe kava lote la juu kwa sababu ya herufi A, tundu la chaja limesimama peke yake au limeungwa kwenye bodi. Mwenye ya chuma yote aseme pia kama inapasha mapaja. Mwanasheria kama yupo humu, naomba atueleze: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kinachouzwa kiwe na ubora unaofaa. Kava linalong'oka kwa kufunuliwa linaingia humo au haliingii? Nina risiti, nina ile fomu ya Dar, nina vinati vitatu kwenye kichupa cha dawa.

NYONGEZA, saa tatu usiku

Aliyeandika "pole mkuu, ni uzembe wako", ahsante, na Mungu akupe laptop kama yangu.

Mliouliza nilifanyaje: fundi amerudisha vinati kwenye matundu yake kwa ile gundi ya chuma ya mirija miwili unayoichanganya, halafu akalegeza nati ya kwenye hinji zote mbili kama robo mzunguko ili zisivute sana. Elfu 35. Akanionya nisiifunge saa 24 mpaka gundi ishike. Kwa hiyo nimetoka mjini mpaka Nkuhungu nyuma ya bodaboda nimeshika laptop iliyofunuliwa mbele yangu kama sinia la pilau. Watu wa kituoni walinipigia makofi. Bodaboda akaniuliza kama naangalia mpira.

Dada aliyesema anataka kununua ya mwanawe anayeanza chuo: dada yangu, ukiwa dukani usisikilize RAM kwanza. Iweke mezani, inua kioo kwa kidole kimoja katikati. Kama mashine nzima inanyanyuka na kioo, hizo hinji ni ngumu na kuna kitu kitalipia siku moja. Halafu bonyeza kava karibu na hinji kwa dole gumba, likibonyea kama chupa ya maji, rudisha pochi begani. Muuzaji atanuna. Mwache anune. Na mfundishe mtoto afunue kwa kushika katikati, asishike kona.

Mkuu uliyesema yako ya kampuni ile ile ina miaka minne na haijawahi kukusumbua, naamini, ila naomba uende ukaitazame kona ya kushoto nyuma, pale kava linapokutana na fremu. Ukiona mstari mwembamba kama unywele, usiufunike na stika. Njoo hapa useme.

Picha nimeweka hapo chini. Cha kushoto ni kinati, cha kulia ni punje ya uwele niliyoichukua kwenye gunia la mama mkwe. Ukivuta picha utaona uwele ndio mkubwa.