Mnaofundisha Kihispania kwa slaidi mnazipangaje? Wangu wanaandika tu, hawaongei

mwl_wa_jioni (Arusha)

Habari zenu wakuu. Nafundisha Kihispania darasa la jioni hapa Arusha, wanafunzi wengi ni waongoza watalii na madereva wa safari, wachache wanakaa mapokezi hotelini. Sasa hivi masika kazi zimepungua kwa hiyo darasa limejaa, ila mwezi wa sita ukiingia tu wanatawanyika porini, na kila mmoja anataka awe ameshajua angalau kumpokea mgeni, kumuelezea mnyama, na kujibu maswali ya chakula na muda wa kuondoka, maana Agosti ndio Wahispania wako likizo na wanakuja kweli.

Natumia projekta na slaidi nyingi nimezishusha mtandaoni. Kwa macho ni nzuri, rangi zipo, vikatuni vipo, lakini zimetengenezwa kwa mtu anayesoma kupitia Kiingereza. Kinachotokea naweka slaidi ya hablar (kuongea) na jedwali zima, hablo hablas habla hablamos habláis hablan, darasa linainama linanakili, wakimaliza naweka comer (kula), wanainama tena. Ukimuuliza mtu swali anafungua daftari kwanza. Msamiati ndio usiseme, slaidi moja wanyama ishirini na majina chini yake, wanapiga picha kwa simu, imeisha hiyo.

Sasa mnaofundisha lugha kwa slaidi, sarufi na msamiati mnapangaje mpaka mtu aongee? Na ser na estar, vile vitenzi viwili vya "kuwa", mnaielezaje? Kila slaidi ninayoipata inasema ser ni ya kudumu, estar ni ya muda. Juzi dereva mmoja kaniuliza, mwalimu mbona maiti ni está muerto, kwani huyu atafufuka? Darasa zima kicheko, na swali ni la haki kabisa.

Bi_Darajani (Unguja)

Pole mwalimu mwenzangu. Mi' naona slaidi yako inatoa jibu kabla hujauliza. Mtu keshaona hablo hablas habla yote iko ukutani, afungue mdomo kwa sababu gani?

Mimi huku nafundisha vijana wa hotelini na slaidi yangu ya kitenzi inaanza na picha bila neno hata moja, mtu anaongea na simu. Nauliza kwa mdomo, wanajaribu, wanakosea, sawa tu. Nikibonyeza inakuja yo habl__, wanamalizia wao kwa sauti, nikibonyeza tena ndio ile o inatokea nyekundu. Na siweki nafsi zote sita siku moja. Mtu wa mapokezi anahitaji yo (mimi) na usted (wewe kwa heshima) kwanza, kisha nosotros (sisi), basi, jedwali kamili watalikuta nimewatumia kwenye grupu baada ya somo, akitaka anakili usiku kucha.

Halafu kuna kitu kidogo wengi hawakijui, ukiwa kwenye onyesho la PowerPoint bonyeza herufi B kwenye kibodi, ukuta unakuwa mweusi, ukibonyeza tena picha inarudi. Mimi hiyo B naitumia kuliko mbwembwe zote za kurusharusha maneno. Picha inakaa sekunde chache, giza, haya niambieni mmeona nini. Hapo hakuna pa kunakili! Na ukitaka kurudi slaidi ya 7 usihangaike na mishale mbele ya watu, andika 7 bonyeza Enter.

mbongo_valencia

Nipo Hispania muda sasa, naomba niingie kwenye ser na estar maana hapo ndipo slaidi za Kiingereza zinatupotezea muda wetu bure. Mwingereza ana kitenzi kimoja tu cha kuwa, ndio maana anapewa ile kanuni ya kudumu na muda, na yenyewe inavuja kama ulivyoona. Sisi tayari tumetenganisha. Chukua picha moja ya simba, huyo huyo mmoja, halafu uliza maswali matatu yanayoingia moja moja:

Simba ni mkubwa, el león es grande.
Simba yuko chini ya mti, el león está debajo del árbol.
Simba amelala, el león está dormido.

Yaani penye "ni" jaribu ser, penye yuko/iko/kiko jaribu estar, na ile -me- ya hali iliyopo sasa hivi nayo ni estar: amechoka está cansado, amekaa está sentado, ameoa está casado. Na maiti wako je? AMEKUFA. Está muerto. Dereva wako amepata jibu lake kwa sentensi moja na hakuna haja ya kubishana kuhusu ufufuo.

Ila waonye mapema, sio kila -me-. Amefika ni ha llegado, hicho ni kitendo kimefanyika. Na mtego mwingine ni shughuli, sisi tunasema mkutano uko hotelini, wao wanasema la reunión ES en el hotel. Chakula cha usiku kinafanyika kambini, la cena es en el campamento. Mtu wa safari hiyo ataitumia kila siku kwa hiyo ipe slaidi yake peke yake.

Kingine, zile slaidi za tengo hambre zenye alama kubwa za tahadhari, ruka. Nina njaa tengo hambre, nina kiu tengo sed, nina usingizi tengo sueño, nina haraka tengo prisa, nina miaka 30 tengo 30 años. Ni kwetu kabisa! Dakika tano zinatosha. Hata kuacha nafsi, hablo badala ya yo hablo, Mswahili humfundishi hilo, ye mwenyewe hasemi "mimi ninaongea" kila sentensi. Na upatanisho pia, mtu aliyezoea kitabu kizuri vitabu vizuri hawezi kushangaa libro bonito libros bonitos. Muda wote unaouokoa hapo upeleke kwenye el (ya kiume) na la (ya kike), kwa sababu jinsi ya nomino hatuna, na kwenye matamshi ya j. Jirafa wataisoma kwa j ya jirani, weka slaidi yenye sauti, waambie ni kh ile ya kheri. Cebra na gracias kwa Mhispania wa huku kwetu Valencia ni th ya themanini, wanayo tayari mdomoni, wakikutana na Mmeksiko watasikia s, yote sawa.

dereva_mstaafu (Moshi)

Nimefanya kazi ya kuongoza wageni miaka mingi na Kihispania nilikisomea ukubwani kwa hiyo naongea kama mwanafunzi. Mwalimu ile slaidi ya wanyama ishirini ifute. Kichwa cha mtu aliyeendesha gari kutwa nzima hakibebi ishirini. Weka sita tu, na usitumie vikatuni, waambie wanafunzi wenyewe wakutumie picha walizopiga porini, simu zao zimejaa. Nyumbu aliyepigwa picha na mwanafunzi wako mwenyewe pale Ndutu jina lake halisahauliki, ni ñu, el ñu, neno fupi kuliko yote na wageni wanalipenda.

Jina lisiende peke yake hata siku moja, liende na el au la. Mi' nilifundishwa kwa rangi, fremu ya picha ikiwa bluu ni el, nyekundu ni la, mpaka leo nikimuona fisi naona wekundu, la hiena. Na hapo kuna vituko, twiga hata awe dume ni la jirafa, ukitaka kusema dume ni la jirafa macho, usithubutu el jirafa. Tai anaandikwa el águila halafu sifa yake inakuja ya kike, el águila blanca. Hii iwekee slaidi ya mwishomwisho, ukiiweka mwanzo utawavuruga.

Namba nazo! Slaidi za mtandaoni zinafundisha namba kwa kuhesabu machungwa. Sisi tunaulizwa Kilimanjaro ina urefu gani, mita 5,895, cinco mil ochocientos noventa y cinco, hiyo mtu aiseme mpaka aiote. Kreta ya Ngorongoro kina chake kama mita 600, seiscientos. Tembo anabeba mimba miezi 22, veintidós meses, na mgeni akishaambiwa hilo lazima aseme ¡qué barbaridad! (makubwa haya!), wape na hilo jibu. Weka picha na namba tupu ukutani, dereva aijengee sentensi.

La mwisho, coger. Hispania ni kuchukua au kupanda basi, hamna shida, lakini Meksiko na Ajentina ni tusi la chumbani. Fundisha tomar, nayo ni kuchukua, kila mahali, mtu asije akaaibika mbele ya familia ya watu.

chaki_na_ubao

Mimi naona mnajisumbua. Projekta ya nini? Umeme ukikatika somo limekufa. Ubao, chaki, watu wakae wawili wawili waongee. Wazee wetu walisoma Kifaransa bila slaidi na wakaongea.

Bi_Darajani

Kaka ubao hauna twiga. Kwa sarufi nakubaliana na wewe kiasi, mie mwenyewe vitenzi naviandika kwa mkono mara nyingi kwa sababu wanafunzi wanafuata kasi ya mkono wangu. Ila msamiati picha inashinda, na umeme ukikatika wana PDF kwenye simu.

mwl_wa_jioni

Wakuu asanteni sana, hiyo ya -me- nimeijaribu jana na picha ya simba na darasa limebishana lenyewe kwa lenyewe nikabaki nasikiliza, raha sana. Mabishano yenyewe yalikuwa Kiswahili lakini tutafika. Chaki_na_ubao hoja ya umeme naichukua.

Sasa mawili. Nikigeuza kuwa PDF niwatumie WhatsApp, majibu yote yanaonekana palepale, ile ya kubonyeza haifanyi kazi. Na kwenye fonti niliyoitumia ñ na ¿ zinatoka viboksi, nikaamua niandike n ya kawaida kwanza.

mbongo_valencia

Mwalimu hapana, hiyo n usiiache! Tengo 30 años ni umri, tengo 30 anos umemwambia mgeni una matundu thelathini ya kutolea haja. Badilisha fonti, Arial na Calibri zina herufi zote. Kwa kibodi shika Alt uandike 164 upate ñ, 168 ni ¿, 173 ni ¡, na á é í ó ú ni 160, 130, 161, 162, 163. Na angalia slaidi zako za alfabeti, ukikuta ch na ll zimehesabiwa kama herufi ni za zamani, tangu 2010 Akademia ya Kihispania inahesabu herufi 27.

Bi_Darajani

Ya PDF usitumie vibonyezo. Nakili slaidi mara mbili, ya kwanza ina pengo, ya pili ina jibu, zifuatane. Kwenye simu mtu anaona pengo, anajaribu, anatelezesha kidole anaona jibu. Faili linaongezeka kurasa lakini bando haliumii sana ukizipunguza picha ukubwa kwanza.

dereva_mstaafu

Hizo Alt zinataka namba za pembeni, laptopu ndogo nyingi hazina. Ongeza kibodi ya Kihispania kwenye mipangilio ya Windows, ñ inakaa pembeni ya L, pale penye nukta mkato.