Naomba ushauri: kipindi cha historia ya Malindi kwenye runinga

Assalaam alaikum ndugu zangu. Kituo kimoja cha runinga hapa Pwani kimetupa nusu saa kila wiki tutengeneze kipindi cha historia ya Malindi. Kinachoninyima usingizi ni watazamaji. Pale mkahawani kwetu, zikiwekwa picha za Vita vya Pili vya Dunia, wazee husogeza viti mbele na kahawa ikawapolea vikombeni. Vijana wao hudai rimoti waweke mpira. Kina mama ndio kabisa, hakuna anayewauliza. Hata History Channel ya Marekani, iliyoanza 1995, ilijulikana zaidi kwa vita na watazamaji wanaume.

Na visa tunavyo! Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Vasco da Gama akaja 1498, akapewa hapa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Wenzangu wanataka tuanze na Mreno kwa kuwa nguzo yake ipo. Mimi nasema twiga.

Mliowahi kutengeneza vipindi, nisaidieni. Tuanze na kipi? Tuombe saa ngapi ili kina mama na wanafunzi watuone? Na je, mabibi wasimulie wenyewe, au tuweke mtangazaji?