Naomba ushauri: ramani za mama zimekauka, nizikunjueje?

Hamjambo wote. Marehemu mama alikuwa msanifu majengo hapa Nairobi, ameacha ramani za A1 (milimita 594 kwa 841) zilizoviringishwa. Zile za karatasi angavu, ile ya kuchorea inayopitisha mwanga, zinapasuka ukizikunjua, na gundi ya selotepu imepenya ikawa kahawia. Nakala za amonia (zile zilizotolewa kwa mvuke wa amonia) nimezitenga: mvuke wake huharibu nyingine, na mwanga huzififisha. Laminesheni hapana, haibanduki tena. Je, nizilainishe kwa unyevu ndani ya beseni lenye kifuniko, kisha nizibane kati ya karatasi za kunyonya maji, au wino utachuruzika? Na nani ana skana ya kulaza, si ya kuvuta kwa roli? Nataka nukta 400 kwa inchi. Pembeni mama aliandika kwa penseli, herufi ndogo mno, kwa nini kila ukuta ulisogezwa.